Mvua ya Kibosho, Jua la Kahe: Maswali Yenu Kuhusu Hali ya Hewa Chini ya Kilimanjaro

Masika yanakaribia, na karibu kila anayeniandikia wiki hizi anauliza habari za mvua. Nimechukua maswali sita.

Shikamoo. Redio ilitangaza "mvua nyepesi katika maeneo machache". Kwangu Kibosho ilinyesha usiku kucha, dada yangu Moshi mjini hakupata hata tone. Tumwamini nani? (Mama, Kibosho)

Marahaba, mama. Utabiri ule wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) husomwa kwa mkoa mzima, na mkoa wetu unaanzia kwenye joto la Kahe hadi barafu ya kilele cha Kibo, mita 5,895. Upepo wenye unyevu wa Bahari ya Hindi ukigonga mlima hulazimika kupanda. Ukipanda unapoa, mvuke unakuwa wingu, wingu linamwaga. Upande wetu wa kusini, mvua nyingi kuliko zote hunyesha ndani ya ukanda wa msitu, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mjini hawafikishi nusu ya hizo. Kwa hiyo ukisikia "maeneo machache", wewe unayepakana na msitu anza kujihesabu humo. Anua nguo mapema.

Sisi wa Rombo tuna mlima uleule mmoja na watu wa Marangu. Mbona kwetu kukavu?

Mlima ni mmoja, lakini una uso na kisogo. Upepo wa masika hushusha mzigo wake kusini na kusini mashariki. Ukizunguka kuelekea kaskazini, kwenu Rombo, hewa inayofika imekwisha kukamuliwa. Na kadiri unavyoteremka kuelekea mpaka wa Kenya, ukame unazidi.

Simu yangu inaniambia nyuzi 24, nami hapa Old Moshi nimejifunika blanketi. Imeharibika?

Nzima kabisa, ila mara nyingi inakusomea joto la mjini. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Kama nyumba yako iko mita 700 juu ya mji, toa nyuzi 4. Mwezi Juni na Julai, wingu zito linapotukalia kutwa nzima na manyunyu hayakatiki, baridi huuma kuliko namba inavyosema.

TMA wakisema mvua zitakuwa "juu ya wastani", nipande mara moja? (Mkulima wa mahindi, tambarare ya Himo)

Kaka, usikimbilie. Wastani ni hesabu ya miaka 30, na utabiri wa msimu unazungumzia jumla ya mvua yote. Jumla hiyo inaweza kuja kwa mafungu: wiki moja ya gharika, kisha jua kali siku 15, mahindi yaliyochipua yanakauka ukiyatazama. Nimeona jirani akipanda mara mbili msimu mmoja, mbegu ya pili akaikopa. Mimi huchimba kwanza kwa jembe. Udongo ukiwa umelowa kina cha vidole viwili tu, chini vumbi, nasubiri mvua nyingine. Pamoja na utabiri wa msimu, fuatilia ule wa siku 10. Ndio utakaokuambia kama mvua inaendelea au inakatika.

Mwaka jana mto ulitujia usiku, kwetu hakuna mvua hata kidogo. Ulitoka wapi? (Msomaji, Kahe)

Pole sana, ndugu yangu. Ulitoka juu. Mito yetu, Rau, Karanga, Weruweru na mingineyo, inakusanya maji kwenye miteremko mikali. Mvua ikipiga msituni jioni, maji hushuka kwa kasi na kuwakuta mmelala chini ya anga lenye nyota. Ndiyo maana nasema kwa watu wa tambarare: msitazame mbingu yenu, tazameni ya wenzenu wa juu. Jioni mlima ukiwa mweusi na radi zinamulika huko, hamisheni mifugo kutoka kingoni kabla ya giza. Maji yakibadilika ghafla kuwa ya tope, yakibeba majani na vijiti, msivuke, hata kama yanafika kwenye magoti tu. Na mwenye ndugu Kibosho au Uru akubaliane naye leo: mvua kubwa ikianza, apige simu, iwe saa ngapi. TMA wakitoa angalizo la mvua kubwa, wanamaanisha zaidi ya milimita 50 kwa saa 24. Hiyo ni lita 50 juu ya kila mita moja ya mraba, kote huko juu, na njia yake ni kwenu.

Nataka kupima mvua mwenyewe kihambani, shambani kwangu nyumbani. Nianzeje?

Umenifurahisha. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka na kitako bapa. Lisimamishe wazi, mbali na migomba na paa, maana jani la mgomba likimwagia humo umepima mgomba. Kila siku saa 3 asubuhi chovya rula, soma milimita, andika kwenye daftari, mwaga. Siku isiyo na mvua andika 0, usiruke. Daftari hilo, ukilishika misimu michache, litakuonyesha mvua ya kihamba chako chenyewe, kitu ambacho utabiri wa mkoa hauwezi kukupa. Nitumie ya mwezi wako wa kwanza wa kupima, niilinganishe na ya kwangu.