Usilipie hicho kiyoyozi, rudi kwanza upime dari upande wa juu

Simama hapo hapo! Umesema chumba chako ni mita 5 kwa 4, dari imeinama, umepima kimo mlangoni ukapata mita 2.4, ukazidisha ukapata mita 48 za ujazo, na kesho unaenda kulipa. Hiyo 48 siyo chumba chako.

Chumba changu ni kama chako kabisa. Muuzaji alikuja mwenyewe, akasimamisha tepu kando ya mlango, akasoma 2.4, akabonyeza simu yake, akasema kiyoyozi kidogo kinatosha. Nikamwuliza, na kule dari inakopanda je? Akajibu, "Hiyo ni tofauti ndogo tu." Tofauti ndogo! Upande wa pili dari yangu inafika mita 4. Jumlisha 2.4 na 4, gawa kwa 2, unapata 3.2. Sasa 5 × 4 × 3.2 ni 64. Mita 16 za ujazo zimeachwa nje, theluthi nzima ya ile 48 yake. Mtu anayeishi kwa kuuza vitu hivi hana udhuru wa kutojua hilo, na mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira.

Nikanunua hicho kidogo. Saa tisa usiku niko macho, nakisikia kinanguruma bila kupumzika. Nimekiweka nyuzi 24, kipimajoto cha mezani kinasoma 28. Nikakiuza kwa hasara, nikanunua kikubwa, nikatobolewa ukuta mara ya pili. Najua jua na madirisha navyo vina uzito wake, lakini ukianza na ujazo wa uongo, hata ukivihesabu havikusaidii.

Kwa hiyo shika hili: kimo kinapimwa pa chini kabisa na pa juu kabisa, kabla hujagusa kikokotoo. Tepu ikipanda juu hupinda na kuanguka, kwa hiyo funga ncha yake kwenye mpini wa ufagio. Isimame wima kabisa, maana ikilala upande itakusomea zaidi ya kimo chenyewe.

Na wastani usiuchukue kichwakichwa. Unafaa pale tu dari inapopanda kwa mteremko mmoja ulionyooka, ukuta hadi ukuta. Tuseme nusu ya upana wako, mita 2, dari ni bapa kwenye mita 4, halafu nusu nyingine inashuka hadi 2.4. Hapo unagawa chumba: 5 × 2 × 4 ni 40, na 5 × 2 × 3.2 ni 32. Jumla 72, wakati wastani wa haraka haraka ungekupa 64 ile ile.

Dari yako ni ya namna gani, mteremko mmoja au ina sehemu bapa? Kapime, uweke namba zote hapa kabla hela haijatoka mfukoni. Nipo, nasubiri.