Mtoto wa miezi mitano kwenda Dubai Agosti: yawezekana, shoga yangu

Shoga, kusafiri naye ni rahisi kuliko unavyodhani, maana miezi mitano hajaanza kutambaa na chakula chake unacho kifuani. Shughuli ni karatasi. Hata kichanga wa Kenya lazima awe na pasipoti yake mwenyewe, na huiombi kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, bila cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo anza na hicho leo leo. Viza yake pia, usidhani ataingia kwa yako.

Ndegeni, ndege ikipaa na ikianza kushuka mpe ziwa. Kule kumeza ndiko kunakomfungua masikio. Akiwa amelala fofofo mwache, si lazima umwamshe. Piga simu mapema uombe siti ya mbele yenye kijitanda cha watoto, vinakuwa vichache. Daipa na nguo za kubadili weka mkobani, zisiende na masanduku (na blauzi yako moja, utanishukuru). Leso mbili zatosha: moja ya kumbeba, moja ya kumfunika, AC za ndege hazina huruma.

Ila Agosti kweli? Dubai mwezi huo yapita digrii 40, joto la Mombasa ni mzaha. Mchana mtakuwa ndani tu. Mnyonyeshe mara nyingi, maji usimpe kabla ya miezi sita. Kama tikiti hamjalipa, mwambie baba watoto msogeze hadi Disemba.