Daftari la michango: barua kwa mwanangu aliyeko Arusha

Marahaba mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unauliza kama mila zetu Wachaga ndizo zinazomkwamisha kijana anayetaka kuanzisha jambo la teknolojia nyumbani. Kila unayemweleza hiyo programu yako, ya kumwonyesha mkulima wa parachichi bei kwenye simu kabla dalali hajaingia shambani, anakuuliza kwani benki wamekufukuza. Nimeona nikujibu kwa kalamu, maana kwenye simu ningekatika katikati.

Kama ni mila, sijui. Ninachojua ni lile ninalowaambia tangu mkiwa wadogo: mtu huchangia anachokiona.

Unalikumbuka lile daftari jekundu la kwenye sanduku la bati, mlilotaka kulichana mtengeneze tiara nikawachapa wote wawili? Hamkuwahi kujua kwa nini. Mwaka 1999 nilikuwa mpiga chapa hapa Moshi mjini, na nilikuwa nimejifunza kompyuta kwa kubaki ofisini jioni wenzangu wakiondoka. Nilitaka kufungua chumba cha intaneti karibu na stendi, kompyuta mbili tu za kuanzia. Benki wakataka hati ya mali. Sina. Kihamba, lile shamba la ukoo la Kibosho, ni cha mjomba wako, yeye ndiye kitindamimba mrithi. Bunge lilipitisha Sheria za Ardhi mwaka huohuo, Na. 4 na Na. 5, zikampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, lakini habari hiyo ilikuwa haijapanda mlima.

Nikaomba kikao cha ukoo. Tulikaa chini ya migomba, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka, nikaomba wanichangie 900,000. Baba mkubwa akaniuliza nitakuwa nauza nini. Nikasema nitauza muda, mtu analipia nusu saa anakaa kwenye mashine. Kata ikasimama. Akaniuliza tena taratibu, kama anayeongea na mgonjwa: "Mwanangu, muda unauzwaje?" Nilikuwa na maneno, sikuwa na kitu cha kumshikisha mkononi. Mazungumzo yakahamia kwa ng'ombe wa jirani aliyeingia kwenye kahawa, na langu likaishia hapo.

Wiki tatu baadaye watu walewale walikaa chini ya migomba ileile kwa ajili ya harusi ya mjomba wako. Kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa unasomeka, wakanifanya katibu. Nikaandika: huyu 50,000, huyu 30,000, huyu mbuzi, huyu kreti nne za soda. Jumla ikafika 1,140,000, mbuzi hajahesabiwa. Nilipiga mistari miwili chini ya hiyo jumla na kalamu ikatoboa karatasi. Tundu lipo mpaka leo, kafungue ukurasa wa tano uone. Sikumwonea mjomba wako wivu, harusi yake niliicheza mpaka viatu vikakatika. Lakini pesa ilikuwepo, mwanangu. Ilikuwepo, na mimi ndiye niliyeihesabu.

Sasa ngoja, nisimwonee babu yako. Yeye hakusema neno siku ile, aliangalia chini tu. Alikuwa karani wa ushirika wa kahawa, na unajua alivyokuwa akiitaja KNCU, chama cha wakulima wenyewe tangu 1933. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, akarudi nyumbani na kalamu zake mfukoni. Miaka miwili kabla, 1974, kompyuta zilipigwa marufuku kuingizwa nchini. Na Azimio, lililotangazwa hapohapo Arusha unapoishi mwaka 1967, lilimkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye kampuni wala kupokea mishahara miwili. Mtu aliyepita humo kote, binti yake anamwambia wekeni pesa kwenye mashine. Hiyo ni mila, au ni kovu? Nikisema mila, nawabebesha mababu mzigo ambao si wao.

Tena hao mababu ndio waliochimba mifongo, mifereji ya maji inayoshuka kutoka msituni hadi vihambani, ukoo kwa ukoo, kila mmoja na kipande chake, na waliokuwa chini walichimba kabla hawajaona hata tone. Hapo usemi wangu unayumba, nakiri. Ila mto waliuona. Hata M-Pesa ilipokuja 2008, shangazi yako wa Rombo aliiita uongo mpaka siku wakala alipomhesabia noti mbele ya macho yake. Tangu siku hiyo hakuna wa kumwambia kitu. Mtu huchangia anachokiona, bado nasimama hapo.

Najua utasema vyumba vya intaneti vyote vilikuja kufa simu zilipoingia, na hata mimi ningefunga. Nimejiambia hivyo usiku mwingi. Kuna mtu alifungua cha kwake baada ya kikao kile, palepale stendi, nikawa napita na mkoba wangu naona foleni ya wanafunzi imefika nje. Ningefunga, sawa. Ningefunga cha kwangu.

Hilo la kuacha benki au kubaki usiniulize. Jibu ninalo, liko kwenye ncha ya ulimi, lakini baba yako kaniomba nisikuamulie, na nimekubali kwa shingo upande. Naomba kimoja tu: Desemba tukipanda Kibosho usiende kuwaeleza wazee habari za programu. Umesoma chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru, maneno unayo mengi kuliko niliyokuwa nayo mimi, na hayatakusaidia. Nenda na mkulima mmoja aliyeuza kwa bei yako, akae kwenye benchi aongee yeye.

Jumapili baada ya misa mjomba wako alipita hapa ameshika parachichi mbili. Dalali amempimia shamba zima kwa macho, na ameondoka akisema atarudi Alhamisi na gari. Akaniuliza hicho kitu chako cha simu kinasema bei gani. Nimemwambia akupigie. Akipiga pokea, hata ukiwa kazini.

Mama yako