Bawaba zinazojifunga zenyewe kwa makabati ya jikoni

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatengenezewa makabati ya jikoni nyumbani kwangu Raskazone, Tanga, kwa mbao za MDF (unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) za unene wa milimita 18. Fundi seremala amenitaka ninunue mwenyewe bawaba zinazojifunga, zile ambazo hazionekani mlango ukishafungwa. Dukani nimeonyeshwa nyingi zinazofanana kwa sura lakini zenye bei tofauti, na muuzaji ameniuliza idadi tu. Milango yangu haitakuwa na vishikio. Itafunguka kwa kusukumwa kidogo. Ninunue zipi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Kabla ya yote, ndugu msomaji, usinunue bawaba inayojifunga kwa mlango wa kusukuma. Bawaba hizo zina springi inayouvuta mlango na kuukaza kwenye kabati unapokaribia kufunga, ilhali kifaa cha kusukuma hufanya kazi kinyume, kwa kuurusha mlango nje kidogo ili vidole vipate pa kushika. Vikiwekwa pamoja hushindana, na mara nyingi mlango hurudi ndani kabla hujaushika. Basi ama ubaki na milango ya kusukuma na ununue bawaba zisizo na springi, ama uweke vishikio upate mlango unaojifunga. Katika jiko la familia, ambamo mikono huwa na mafuta au unga, mimi ningeweka vishikio bila kusita, kwa kuwa mlango unaosukumwa usoni kutwa hulazimika kufutwa kwa maji kila mara, na MDF haipatani na maji.

Ukishaamua hilo, tazama mlango utakaa wapi. Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea, kwa sababu bawaba hizi hufanana kikombe (sehemu ya duara inayozama ndani ya mlango) lakini hutofautiana mkono (sehemu inayoungana na ubavu wa kabati). Zenye mkono ulionyooka ni kwa mlango unaofunika ukingo wote, au karibu wote, wa ubao wa ubavuni. Zenye mkono uliopinda kidogo ni kwa milango miwili inayogawana ubao mmoja wa katikati. Na zenye mkono uliopinda sana ni kwa mlango unaoingia ndani ya kabati ukalingana na kingo zake. Jiko moja laweza kuhitaji aina mbili kwa pamoja, kwa hiyo mwombe fundi mchoro, hesabu milango kwa aina zake, ndipo urudi dukani. Skrubu za kurekebisha husogeza mlango milimita chache tu. Haziwezi kuigeuza aina moja kuwa nyingine.

Tofauti ya bei uliyoiona huenda inatokana na namna ya kujifunga. Bawaba ya springi pekee hufunga kwa kishindo, na ile yenye pistoni ndogo ya kupunguza mwendo hufunga taratibu. Ningelipia pistoni kwa milango mikubwa inayofunguliwa kila siku. Mlango mdogo na mwepesi wenye pistoni mbili huweza kusuasua, ndiyo maana baadhi ya bawaba zina swichi ya kuizima.

Kwa idadi, mlango usiozidi sentimita 90 kwa urefu huhitaji bawaba mbili, wa hadi sentimita 160 bawaba tatu, na wa hadi mita 2 bawaba nne. Mlango ukiwa mpana au mzito, ongeza moja.

Kikombe cha kawaida kina kipenyo cha milimita 35 na huingia ndani ya ubao milimita 12 hivi. Mbao zako zinatosha, lakini fundi atumie biti ya milimita 35 na apime kina kabla ya kutoboa, maana akizidisha ataharibu uso wa mlango.

Kwa kuwa uko karibu na bahari, bawaba za chini ya sinki na karibu na dirisha ziwe za chuma kisichoshika kutu, hata kama kwingine utaweka zilizopakwa nikeli. Uliza kama mkono, bamba la kuushikilia mkono kwenye kabati na skrubu ni vya chuma hichohicho, isije ikawa kikombe pekee.

Nunua kwanza za mlango mmoja wa kila aina, fundi azifunge, uujaribu mlango ukiwa na kishikio chake. Zikifaa, nunua zilizobaki katika duka hilohilo, za chapa ileile, ili mabamba na mikono viingiliane.