Transkondaktansi ya 2N5457: uchukue namba ipi?

Ndugu, umeuliza kwa nini datashiti ya 2N5457 (transista ya JFET, yenye miguu mitatu: geti, dreni na sosi) inatoa transkondaktansi ya mikrosimensi 1000 hadi 5000, na uchukue ipi kwa priampu yako (kikuza ishara cha awali). Namba hiyo inakwambia voltiji ya geti ikisogea kidogo, mkondo wa dreni unasogea kiasi gani: hapo ni miliampia 1 hadi 5 kwa kila volti. Zidisha kwa rezista ya dreni upate ukuzaji. Milisimensi 2 na kiloomu 4.7 ni kama mara 9. Ila vipimo hivyo vilichukuliwa geti ikiwa volti 0 dhidi ya sosi. Ukishaweka bayasi (voltiji ya kudumu ya geti dhidi ya sosi), transkondaktansi inashuka. Namba ya katikati ya 1000 na 5000 mimi nisingeiamini. Rezista ya sosi iache bila kapasita sambamba nayo: ukuzaji utapungua, lakini hata ukibadilisha transista hautayumba sana.