Mwanangu, Tafuta Mnunuzi Kabla ya Mbegu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kwenye nusu ekari yako upande zao gani lenye pesa, na kama nyanya zinafaa maana bei yake imepanda. Mimi ningeanza na maswali mengine: nani atanunua, anataka kiasi gani, na siku gani ya wiki? Hayo ukiyajua, kuchagua zao hakutakusumbua.

Habari ya bei kupanda haukuisikia peke yako. Wenzako wengi wamekimbilia kitalu wiki hiihii. Mche ukae kitaluni wiki nne hivi, kisha shambani miezi miwili au zaidi, halafu wote mfike sokoni kwa pamoja. Nyanya ikishaiva haisubiri, na dalali analijua hilo. Simsemi vibaya dalali, maana ana gari, anayajua masoko, na hasara ya njiani ni yake. Ninachoogopa ni wewe kumtegemea yeye peke yake.

Nafasi yako ipo kwa wanaohitaji kidogo kila mara: migahawa, shule, wachuuzi wa mboga wa mtaani. Hao wanataka mboga mbichi Jumatatu, na Alhamisi wanazitaka tena, na mashamba makubwa mara nyingi hayahangaiki na oda ndogo namna hiyo. Kwa hiyo usipande shamba zima kwa siku moja. Panda matuta machache kila baada ya wiki mbili, uwe na cha kuvuna mfululizo. Kabla ya hapo, chukua daftari uwazungukie wanunuzi. Waulize ni mboga gani huadimika na mwezi gani, na wiki iliyopita walitupa nini na kwa sababu gani. Uliza pia wanalipa lini. Shule au hoteli inaweza kukuweka mwezi mzima bila malipo, na mbolea hainunuliwi kwa ahadi, hivyo sehemu ya mavuno iuze taslimu.

Halafu kuna suala la mavuno yenyewe, na hapa naomba unisikilize sana. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikadiria mwaka 2019 kuwa takribani asilimia 14 ya chakula duniani hupotea baada ya kuvunwa, kabla hata ya kufika madukani, na matunda na mboga hupotea kuliko nafaka. Vuna alfajiri, weka kivulini mara moja. Nyanya za mnunuzi wa mbali zichume zikianza tu kupata wekundu kitakoni, zilizoiva mpelekee wa karibu. Tumia kreti, maana kwenye gunia za chini hupondwa na za juu. Mboga za majani usizisafirishe pamoja na ndizi mbivu, kwani ndizi hutoa gesi ya ethilini inayoyageuza majani kuwa ya njano. Na ukipiga dawa, soma kwenye kibandiko siku za kusubiri kabla ya kuvuna, uandike tarehe daftarini. Utakula wewe na watakula watoto wa watu.

Pembeni mwa shamba panda miparachichi iliyobebeshwa, yaani miche iliyoungwa kikonyo cha mti wa aina nzuri. Parachichi haliivi likiwa mtini, kwa hiyo likishakomaa unaweza kuliacha wiki kadhaa ukiangalia bei. Usizidishe tu, maana mti uliobeba muda mrefu huzaa kidogo msimu unaofuata.

Kuuza nje ya nchi bado mapema. Wanunuzi wengi wa huko hudai cheti cha GLOBALG.A.P., kinachoonyesha kuwa mazao yamelimwa kwa njia salama, na gharama yake ni nzito kwa mtu mmoja. Uzuri ni kwamba kikundi cha wakulima kinaweza kuthibitishwa kwa pamoja. Basi anza kuzoeana na majirani sasa: mpange mazao kwa madaraja ya ubora kwa kipimo kimoja, muuze pamoja mnunuzi anapotaka mzigo mkubwa. Mkubaliane mapema kwamba hakuna anayeficha mabovu chini ya kreti, kwa sababu mnunuzi akikuta moja atawakataa wote.

Ukishawazungukia, niandikie wanataka nini na wanalipa lini. Mbegu usinunue kwanza. Tutapanga kalenda ya kupanda kwa kufuata majibu yao.

Mama yako