Gofu ya Majira ya Baridi Uingereza: Fuata Mchanga

Ikifika Novemba, wachezaji wengi wa Uingereza huweka mifuko yao ya fimbo stoo na kungoja Aprili. Ukiwauliza, watasingizia baridi. Baridi ina dawa yake, nayo ni nguo. Kinachoua gofu ya Januari ni tope. Kiwanja kilicho juu ya udongo wa mfinyanzi hunywa mvua ya vuli na kuishikilia hadi Machi. Mpira hunasa pale pale ulipoangukia, vigari hupigwa marufuku, na grini nzuri (nyasi fupi zinazozunguka shimo) hufungwa, ukachezeshwa kwenye grini ya muda iliyofyekwa upesi mbele yake. Kwa hiyo kabla ya kutazama utabiri wa hali ya hewa, uliza kwanza chini ya nyasi kuna nini. Pakiwa na mchanga, nenda.

Uingereza ina mchanga wa aina mbili unaofaa. Wa kwanza ni ule wa pwani, ulioachwa na bahari na kurundikwa na upepo kati ya ufuo na mashamba. Viwanja vyake huitwa linksi, na huko ndiko gofu ilikokulia: St Andrews, Carnoustie, North Berwick, Royal Dornoch kaskazini kabisa, na Rye kule Sussex. Wa pili ni wa nyikani, mchanga wenye asidi na usio na rutuba, uliojaa vichaka vya hetha, miiba ya gosi na misonobari. Huo uko kwa wingi Surrey na Berkshire, kusini-magharibi mwa London, kwenye viwanja kama Sunningdale, ambako uwanja wa Old uliochorwa na Willie Park Mdogo ulifunguliwa mwaka 1901, Walton Heath wa mwaka 1904, Swinley Forest na St George's Hill. Kaskazini zaidi kuna Alwoodley, Ganton na Woodhall Spa. Mchanga huu wa asidi una faida isiyosemwa sana: minyoo ya ardhini haiupendi, hivyo hukuti vile vichuguu vidogo vya tope vinavyochafua mpira na grini katika viwanja vingine.

Anayedhani gofu ya Januari ni mzaha aitazame Rye. Tangu mwaka 1920, chama cha wachezaji waliosoma Oxford na Cambridge hufanyia mashindano yake pwani ile mwezi Januari, kwa hiari yao wenyewe.

Si lazima uende kwenye jina kubwa. Klabu ndogo iliyo jirani na kubwa mara nyingi imekalia mchanga ule ule kwa bei nafuu zaidi, na klabu nyingi hushusha ada ya wageni kuanzia Novemba hadi Machi. Piga simu ofisini, taja siku ya katikati ya wiki, kisha uliza mambo matatu: kama grini zote ni za kawaida, kama kuna mikeka ya kupigia mpira juu yake, na kama kuna tii (mahali pa pigo la kwanza) zilizosogezwa mbele. Kuhusu mikeka, usinune. Nyasi huacha kukua joto likishuka chini ya nyuzi 5 au 6, na shimo unalochimba Desemba litabaki wazi hadi majira ya kuchipua. Hata Old Course ya St Andrews huwataka wachezaji watumie kipande cha mkeka kwenye feawei (njia ya nyasi fupi kuelekea grini) wakati wa baridi. Ukiona mkeka unakuudhi, cheza mpira wako ukiwa kwenye nyasi ndefu za pembeni. Huko huhitaji mkeka. Na Jumapili Old Course haichezwi, imeachiwa watu na mbwa wao.

Sasa umbali. Hapa ndipo mchezaji aliyejifunzia Nairobi anapoumbuka. Nairobi iko mita 1,600 na ushei juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira unapaa. Ukishuka hadi ufukweni Uskoti siku ya nyuzi 4, hewa ni nzito kuliko ya Nairobi kwa zaidi ya robo. Aliyezoea Nyali kule Mombasa, kando ya bahari na kwenye joto, naye ataikuta nzito kwa karibu asilimia 9. Ongeza mpira wenyewe, ambao kiini chake kikipoa hauruki sawasawa usoni mwa fimbo, na mwili uliovikwa sweta mbili usiogeuka vizuri. Anza kwa kuongeza fimbo moja hata pasipo upepo: ulipotumia chuma 8, toa chuma 7 (nambari ikipungua, fimbo hupeleka mpira mbali zaidi). Mipira ilale ndani ya nyumba, isilale kwenye buti la gari, maana ikishapoa huchukua saa kadhaa kurudi kwenye joto. Ila usiipashe moto makusudi wakati wa mchezo, kanuni zinakataza. Vifuko vya kupasha joto ni vya mikono.

Nyasi nazo ni tofauti. Nyasi ya kikuyu, ambayo kwao ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, ni nene na hubeba mpira juu kama mto wa kulalia. Feskyu, nyasi ya pwani ya Uingereza, ni nyembamba, na mpira hukaa karibu kugusa mchanga. Weji (fimbo ya mapigo mafupi ya juu) yenye kitako kipana, iliyokuwa rafiki yako Muthaiga kule Nairobi, hapa hudunda ardhini na kuupiga mpira katikati, ukakimbia ng'ambo ya grini. Chukua weji yenye kitako chembamba. Au, bora zaidi, iache kabisa mfukoni.

Na hii ndiyo raha yenyewe ya linksi wakati wa baridi: ardhi inacheza nawe. Mchanga unabaki mgumu wakati kwingine kote ni uji, kwa hiyo mpira bado unakimbia. Ukiwa mita 30 kutoka kwenye grini na hakuna banka (shimo la mchanga) kati yenu, shika chuma 7. Simama miguu ikiwa karibu, mpira uwe usawa wa mguu wa kulia (kwa anayetumia mkono wa kulia), mikono mbele kidogo ya mpira, kisha pigo fupi lisilokunja vifundo vya mikono, kana kwamba unasukuma mpira shimoni. Upae robo ya njia, robo tatu zilizobaki utambae. Kabla ya kupiga, tembea hadi katikati ya njia uone ardhi inaelekea wapi, kwa sababu kila kibonde kitausukuma. Ukiwa mita 15 na nyasi ni fupi, hata fimbo ya kusukumia inatosha. Pigo baya la fimbo hiyo huwa karibu na shimo kuliko pigo baya la weji, hasa vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Grini huachwa na nyasi ndefu kidogo kuliko za kiangazi, kwa hiyo ni za polepole. Wageni wengi huacha mpira mfupi kwa mashimo tisa mazima kabla ya kukubali. Zoea mwendo wake kwenye grini ya mazoezi, hata kwa dakika tano.

Upepo una somo lake. Ukija usoni, kosa la kwanza la kila mtu ni kupiga kwa nguvu zaidi. Nguvu huongeza mzunguko wa mpira, mzunguko huupandisha, na ukishapanda upepo unaurudisha. Fanya kinyume. Kwa pigo la mita 130 ambalo siku tulivu ni chuma 8, toa chuma 6, shika mpini chini kwa sentimita 3, sogeza mpira nyuma kwa upana wa mpira mmoja, piga kwa robo tatu ya mwendo, na mikono iishie usawa wa kifua. Mpira utaondoka chini na kukimbia mbele. Viwanja kama Old Course hutoka kwenye jengo la klabu hadi mwisho wa ardhi kisha hurudi, kwa hiyo upepo uliokusukuma mgongoni asubuhi utakusubiri usoni wakati wa kurudi. Alama zako za nusu ya kwanza zisikudanganye. Muirfield, linksi nyingine ya Uskoti, ni tofauti: mashimo tisa ya kwanza huzunguka nje kufuata saa, tisa ya pili ndani kinyume chake, na upepo hubadilika upande karibu kila shimo. Kwenye kiwanja cha kwenda na kurudi, beba nguo zote tangu mwanzo. Ukiwa shimo la tisa hakuna pa kukimbilia.

Nyikani upepo ni mdogo kwa sababu ya misonobari, lakini kuna hetha. Agosti ina maua ya zambarau na watu huipiga picha. Januari ni kahawia, kavu na ngumu kama waya, na mpira huzama hadi kwenye shina. Vijiti vyake hujisokota kwenye shingo ya fimbo, uso wa fimbo unajifunga, na mpira unakwenda kushoto, kama unakwenda. Usiguse chuma kirefu humo. Chukua weji nzito ya mchanga, kaza mkono wa kushoto, fungua uso kidogo, lenga njia fupi kuliko zote ya kurudi kwenye feawei, na ukubali hasara ya pigo moja. Anayetaka kushinda hetha hupoteza mapigo matatu, na wakati mwingine huumia kifundo cha mkono. Ukiutafuta mpira, una dakika tatu tu. Ukiukanyaga au kuusogeza kwa bahati mbaya wakati wa kutafuta hakuna adhabu, unaurudisha tu. Tumia mpira wa njano au wa rangi ya chungwa. Mweupe juu ya barafu nyeupe ni kazi bure.

Barafu ya asubuhi inahitaji subira. Maji ndani ya majani yameganda, na mguu ukikanyaga unavunja chembe zake. Siku mbili baadaye nyayo zako zinaonekana zimekauka. Hatari kubwa zaidi ni wakati wa kuyeyuka, juu pakiwa laini na chini bado pameganda, kwa kuwa kiatu hutelezesha ile ngozi ya juu na kukata mizizi. Mtunza kiwanja akisema ngoja, ngoja. Pwani huyeyuka mapema kwa sababu bahari ina joto kuliko nchi kavu. Bondeni nyikani, grini iliyo kivulini mwa misonobari inaweza kubaki imeganda hadi adhuhuri. Ukiruhusiwa kucheza ardhi ikiwa imeganda, angusha mpira mita 20 hadi 30 kabla ya grini, maana utadunda kama umeangukia saruji. Mchanga wa banka ukiganda, usijaribu kuulipua: kama ukingo ni mfupi, sukuma mpira utoke. Na jihadhari na ngazi za mbao zilizoganda: huteleza, na kila mwaka kuna wanaovunjika mifupa.

Kanuni mbili za kukumbuka hapa: theluji unaweza kuiondoa au kuihesabu kuwa maji ya muda na kusogea bila adhabu, lakini umande juu ya grini, hata ukiwa umeganda, huruhusiwi kuufuta kwenye njia ya mpira wako. Na soma ubao wa klabu kabla ya kuinua mpira kwenye feawei ili kuuweka mahali pazuri zaidi: umbali wa kuusogeza hutofautiana.

Mavazi ni suala la tabaka: fulana ya sufu inayobana, sweta nyembamba, kisha koti la kuzuia upepo linalonyumbuka mabegani. Tabaka tatu nyembamba hushinda jaketi moja nene lisilokuruhusu kugeuka. Soksi za sufu, kofia ya sufu, suruali ya mvua hata kama hakuna mvua. Glavu za mvua huvaliwa mbili, na hushika vizuri zaidi zikilowa. Kati ya pigo na pigo vaa mifuko minene ya mikono juu yake. Taulo mbili, moja ikae ndani ya mfuko, kavu. Mipini ya fimbo ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni mwanzoni mwa msimu, kwa sababu mafuta ya mikono ya kiangazi huifanya iteleze kwenye baridi. Na chupa ya chai ya tangawizi.

Beba mfuko mwenyewe, fimbo saba au nane zinatosha. Draiva (fimbo ya mapigo marefu kuliko yote), mbao 5, chuma 5, 7 na 9, weji moja, fimbo ya kusukumia. Mwili unapata joto na akili inapata likizo.

Mchana ni mfupi. Mwishoni mwa Desemba jua la London huchomoza saa mbili na dakika chache na kuzama kabla kidogo ya saa kumi. St Andrews huchomoza karibu saa tatu kasoro robo na kuzama saa tisa na nusu hivi. Watu wanne wenye mipira minne wasiopiga tii ya kwanza kabla ya saa tano asubuhi watamalizia gizani. Suluhisho la wenyeji ni wawili wawili kwa mpira mmoja, kila mmoja akipiga kwa zamu, na mwenzako akiwa ameshatangulia mbele kungoja pigo lako. Mashimo 18 huisha kwa saa mbili na nusu hadi tatu, na hakuna anayesimama hadi apoe. Muirfield wamejijengea jina kwa mchezo huu. Ukicheza namna hiyo, jioni jua likiwa chini, kila tuta na kila mkunjo wa ardhi hutupa kivuli chake, na utaona mteremko wa grini ambao adhuhuri ya Julai haukuonekana kabisa. Shimo linaloelekea kusini-magharibi ni kasoro: jua litakuwa machoni, na lazima mwenzako asimame nyuma yako autazame mpira.

Ukirudi nyumbani, toa kila kitu mfukoni na ufungue zipu zote. Viatu vijaze magazeti mahali penye hewa, mbali na hita, joto lake hupasua ngozi na gundi. Fimbo zilizochezwa pwani zifutwe kwa kitambaa chenye maji baridi kisha kikavu usiku ule ule, hasa weji zisizo na mng'aro: chumvi ya upepo huanzisha kutu kabla ya asubuhi.